Vidole Vinne vya Dirisha

Balbu ilizimika saa moja kasoro asubuhi, mvua ikichapa bati, na Kipima akajua kwamba siku aliyoihesabia kwa vidole imeanza kumpa kisogo.

Alisimama katikati ya stoo, mkono mmoja ukingoni mwa boksi la mbao, akisubiri. Umeme wa mtaa ule ulikuwa na tabia ya kukonyeza: unakatika, unarudi, unakatika tena. Alihesabu hadi mia. Akahesabu tena. Ndani ya boksi, vifaranga tisini na sita waliokuwa wametapakaa kama punje zilizomwagwa walianza kusogeleana, wawili wawili, kisha makundi makundi, wakilia ile sauti ya juu, kali, ambayo maana yake ni moja tu: baridi.

"Bibi!" aliita. "Umeme umekwenda!"

"Umekwenda wapi na mvua yote hii?" bibi akajibu kutoka jikoni.

Siku nyingine angecheka. Lakini leo ilikuwa siku ya saba, na kabla ya saa sita kaka yake angeingia kwa mlango ule kuhesabu.

Mapatano yalikuwa hivi. Kipima alimaliza darasa la saba miaka minne iliyopita, akabaki nyumbani na bibi. Kaka yake mkubwa, ambaye tangu wazazi wafariki ndiye aliyekuwa baba na mama wa ukoo mzima, alimtafutia kazi ya ndani kwa watu anaowafahamu, mji wa mbali, safari ya usiku kucha kwa basi. Hakufanya hivyo kwa ubaya. Aliona mdogo wake anakaa tu, ujana unaishia kwenye ndoo za maji. Kipima hakubishana, si mtu wa kubishana. Alisema tu: "Kaka, nipe siku saba. Niletee vifaranga mia, wa siku moja. Siku ya saba wakiwa hai tisini, niache nibaki nifuge. Akipungua hata mmoja kwenye hao tisini, nabeba mfuko wangu na hutasikia neno."

Kaka alicheka, akakubali, ila akaongeza sharti lake: mfuko ufungwe kabisa, ukae tayari. Ndiyo maana tangu siku ya kwanza mfuko ulikuwa umetundikwa kwenye msumari nyuma ya mlango wa stoo, umevimba nguo zake zote, na kila alipoingia kulisha ulikuwa kama unamuuliza, twende?

Boksi lilitengenezwa na mjomba, mtoto wa mwisho wa bibi, fundi seremala mwenye karakana ng'ambo ya barabara. Alilipiga kwa mabaki ya mbao, kimo cha goti, refu kama kitanda, kona zake nne zimekaa sawasawa hata ungeweza kuzifundishia hesabu. Alilileta akitembea kifua mbele.

"Mjomba," Kipima alimwambia siku hiyo, "hizo kona zitawaua."

"Kona?" Mjomba alimtazama kama aliyetukanwa. "Nimetengeneza vitanda, nimetengeneza makabati. Sijasikia hata siku moja kabati la fundi huyu limeua mtu kwa kona."

"Wakisikia baridi wanakimbilia konani, wanalaliana. Wa chini hapati pumzi."

"Basi wafundishe kupanga foleni."

Asubuhi ya pili vifaranga watatu walikutwa wamekauka kwenye kona moja. Mjomba aliwatazama, akakuna kichwa, akaondoka. Jioni alirudi na vipande vya hadibodi, ule ubao mwembamba unaopindika, akavikunja kimoja kimoja kila kona mpaka boksi likawa mviringo kwa ndani. Hakuomba radhi. Alichofanya ni kumbandika mpwa wake jina: Kipima. Kwa sababu, alisema, huyu msichana hana kipimajoto ila anapima kwa macho, na anapima hadi watu.

Ni kweli alikuwa anapima. Vifaranga wakijazana chini ya balbu, wanaona baridi. Wakiikimbia, wanaungua. Wakikusanyika upande mmoja, upande wa pili kuna upepo. Wakitawanyika kote, huyu anakula, yule analala, mwingine anachokoa kucha za mwenzake, na juu yao kuna mnong'ono mwembamba usiokatika, basi mambo ni mazuri. Alikuwa amewasoma siku sita bila kuchoka, akala wima, akalala kwenye mkeka kando yao. Wa nne alikufa kwa unyonge wake mwenyewe siku ya tatu. Baada ya hapo, hakuna. Tisini na sita. Alikuwa na sita wa kupoteza.

Kwa umeme kukatika alikuwa amejiandaa. Aliwasha jiko la mkaa barazani, akangoja mkaa uive na moshi uishe, akaliingiza stooni ndani ya karai kuukuu, akalizungushia wavu ili vifaranga wasijichome. Kisha akaliacha dirisha wazi vidole vinne. Hilo alilipima kwa mkono wake kabisa, vidole vinne kati ya ubao wa dirisha na fremu, kwa sababu mkaa hula hewa. Alilijua. Aliyelijua ni yeye peke yake, na hapo ndipo kosa lilipokuwa, ingawa wakati ule hakuliona.

Vifaranga walianza kulegea, wakasogelea joto. Kipima akashusha pumzi. Ndipo alipoinua gazeti lililotandikwa boksini na kukuta maranda ya mbao ya chini yake yamelowa upande mzima. Bati lilikuwa linavuja, tone moja moja, pengine tangu alfajiri. Miguu yenye maji na baridi ya siku ile: kufikia saa nne angekuwa anazoa maiti.

"Bibi, nakwenda kwa mjomba kuchukua maranda makavu. Nikalie na hawa."

Bibi aliingia na kigoda chake, akajitandaza. "Nenda. Nimelea wanane wenye meno, nitashindwa na hawa wenye midomo ya sindano?"

"Wasipigwe na upepo tu, bibi. Upepo ni adui yao."

"Umeshaniambia tangu juzi. Upepo ni adui. Nenda bwana."

Karakanani maranda yote yalikuwa yamerushiwa mvua. Mjomba alichota konzi moja, likachuruzika maji. "Haya hata mbuzi hatayakubali. Ngoja nikurandie mengine." Mashine haikuwa na umeme, kwa hiyo akabana ubao kwenye meza, akashika randa ya mkono na kuanza kusukuma. Ganda baada ya ganda lilijikunja na kuanguka. Taratibu mno. Kipima alishika gunia mdomo wazi, anaokota kila ganda kabla halijatulia chini.

"Usinisimamie hivyo, unanitia mkosi," mjomba alisema. "Kaka yako anafika saa ngapi?"

"Kabla ya saa sita."

"Na wapo wangapi?"

"Tisini na sita."

"Basi umeshashinda. Mbona uso umeukunja kama risiti ya mfukoni?"

"Sijashinda, mjomba. Sukuma."

Gunia lilipofika nusu alilifunga, akajifunika nailoni, akavuka barabara akikimbia, maji yakimrukia magotini. Alikuwa ameondoka muda wa kuivisha maharage, zaidi hata. Alipofika uani akasimama.

Mvua ilikuwa imepungua na kuwa manyunyu. Aliisikia mifereji inavyotiririka, na redio ya jirani inakoroma kwa betri zilizochoka. Ila stooni hakusikia kitu. Wala kilio, wala ule mnong'ono. Mtu mwingine angesema wametulia, wameshiba joto. Kipima akageukia dirisha.

Dirisha lilikuwa limefungwa. Halikuachwa hata unywele.

Alisukuma mlango, ukakataa. Kitu laini kilikuwa kimeuzuia kwa chini. Alisukuma kwa bega, ukasogea, ukasogea tena, na hewa ya ndani ikampiga usoni, ya moto, nzito, isiyo na harufu ya kutosha kumtisha mtu. Matambara yalikuwa yamesokotwa na kusindiliwa vizuri chini ya mlango, kazi ya mikono ya uvumilivu. Bibi alikuwa kwenye kigoda, kichwa kimeegemea ukuta, mdomo wazi kidogo. Mashavu yake yalikuwa mekundu namna ambayo Kipima hakuwahi kuyaona.

Na boksini, kati yake na bibi, vifaranga walikuwa wametawanyika kote, vizuri kabisa, kama siku njema. Ila shingo zao zilikuwa zimelala chini.

Beseni tupu lilikuwa pale pale, miguuni pake. Kuwazoa na kuwatoa nje ilikuwa kazi ya dakika moja, labda mbili. Hakulitazama mara ya pili. Alilivuka, akamkumbatia bibi kwa nyuma, mikono chini ya makwapa, akamvuta. Bibi alikuwa mzito kama gunia la unga lililolowa. Kigoda kikaanguka. Kisigino kimoja cha bibi kikanasa kwenye matambara yake mwenyewe na Kipima akalia kwa hasira, akavuta tena, hadi wote wawili wakaangukia barazani, nusu kwenye mvua.

"Mjomba! Mjomba wee!"

Alimpiga bibi mashavuni. "Bibi. Bibi, niangalie." Hakuna. Alimgeuza ubavu, akamlegeza nguo shingoni. "Bibi, usinifanyie hivyo, tafadhali, bibi yangu." Hapo kifua cha bibi kikaruka, akakohoa, akatapika chai yake yote ya asubuhi, akafungua jicho moja.

"Kichwa," alisema. "Nani amenipiga kichwa?"

Mjomba alifika mbio, randa bado mkononi. Kipima alimwachia bibi, akavuta pumzi ndefu, akaibana, akaingia. Akafungua dirisha. Akatoka kupumua. Akaingia tena, akabeba karai na jiko lake, akalitupa barazani. Mara ya tatu akaingia na beseni.

Wapo waliokuwa wamekauka tayari. Wapo waliokuwa wamelegea kama kitambaa, jicho nusu, mdomo unafunguka na kufunga bila sauti. Aliwapanga barazani kwenye maranda makavu, mbali na matone, kichwa kimoja kimoja akikielekeza kwenye hewa. Ila hewa ile ile iliyowafufua ilikuwa baridi kama chuma. Waliofumbua macho walianza kutetemeka.

"Chupa!" alisema. "Mjomba, chupa za soda, zile za kreti iliyoko jikoni. Na dumu. Maji yako motoni tayari."

Maji yalimwagwa chupani, yamechanganywa na ya baridi kidogo ili chupa zisipasuke. Ila chupa ya moto mtupu inachoma, lazima ivikwe. Matambara ya bibi, yaliyoburutwa hadi mvuani, yalikuwa maji matupu. Kipima aligeuka huku na huku, akitafuta kitu kikavu, chochote, na macho yake yakatua nyuma ya mlango.

Aliung'oa mfuko kutoka kwenye msumari. Gauni la kwanza likavika chupa mbili. Taulo likafunga dumu. Sketi, blauzi, shuka, lile gauni la kushona alilovaa mara moja tu, na mwisho kabisa, kutoka chini, sweta la shule lenye viwiko vilivyotoboka. Stoo ilikuwa imeshapata hewa; kila chupa ilipovikwa ilishushwa boksini juu ya maranda makavu, na vifaranga wakalazwa wakiizunguka. Mfuko ukabaki kama gamba lililovuliwa na nyoka.

Ndivyo kaka alivyowakuta. Alisimama uani na mwavuli wake, viatu vimejaa tope, akimtazama bibi aliyeegemezwa ukutani, akitazama matapishi, akitazama mjomba anayechochea mkaa.

"Shikamoo bibi. Kuna nini hapa?"

"Marahaba, mume wangu," bibi alisema kwa sauti ya mgonjwa. "Umechelewa. Nimekaribia kukuachia ujane."

Mjomba ndiye aliyeeleza. Kaka hakungoja amalize. Alisema bibi apelekwe zahanati sasa hivi. Bibi alikataa, kisha akajaribu kusimama, miguu ikamsaliti, ikabidi akubali. Mjomba akaleta mkokoteni wake wa mbao, akautandika godoro, akamfunika bibi kwa nailoni.

"Nabebwa kama kabati," bibi alilalamika wakati magurudumu yanaanza kuzunguka. "Mjukuu wangu! Dirisha nililifunga mimi. Walikuwa wamejibana upande mmoja, nikasema upepo huo. Upepo adui, ulisema. Nikamzibia njia zote."

Mkokoteni ukapotea barabarani. Wakabaki wawili.

Kaka alikunja mikono ya shati, akachuchumaa kando ya boksi. Alihesabu kwa kuwagusa mmoja mmoja kwa kidole, midomo ikicheza. Kipima hakumsaidia. Alikuwa ameshahesabu, zaidi ya mara moja, akitumaini amekosea.

"Themanini na saba," kaka alisema.

"Ndiyo."

"Watatu pungufu."

"Nimeshindwa, kaka."

Kaka aliinuka. Mshipa wa shingo ulikuwa umemsimama. "Sijali hao watatu. Wangekuwa mia kamili ningesema hivi hivi. Nimekuachia nyumba siku saba, nakuta bibi anatolewa kama mzoga. Mara ya pili nitakuta nini?"

"Kosa ni langu. Nilimfundisha nusu. Nilimwambia upepo ni adui, sikumwambia kwamba mkaa nao unataka upepo. Yeye akaifuata nusu hiyo bila kubakisha."

"Chukua mfuko wako. Basi linaondoka saa nane."

Kipima aliuokota mfuko sakafuni, akamkabidhi. Kaka aliupima mkononi. Akaufungua, akachungulia ndani.

"Nguo ziko wapi?"

"Ziko kazini."

Kaka alifuata macho yake hadi boksini. Kwa sekunde kadhaa hakuelewa; kisha akainama, akashika mkono wa sweta la shule uliokuwa umechomoza kwenye maranda, akalivuta. Chupa ikabaki uchi. Vifaranga kumi na watano waliokuwa wameiegemea walirukana wakilia kwa pamoja, wengine wakipanda juu ya wenzao. Kaka alirudisha sweta haraka, vibaya, kama mtu aliyemvua mgonjwa shuka.

"Wasipopata umeme mpaka hiyo saa nane?"

"Basi nitakwenda hivi nilivyo. Ila lazima nimwachie mtu. Kaa hapa nikuonyeshe." Alisema bila kinyongo, na kaka akakaa. "Chupa zinabadilishwa zikiwa vuguvugu, usingoje zipoe. Usibadilishe zote mara moja. Moja huku, moja kule. Dirisha vidole vinne. Mkaa usiingie ndani kamwe."

Walifanya kazi. Kaka alileta maji, akajiunguza, akalaani kwa sauti ya chini. Alimwaga, akavika, akashusha. Baada ya kitambo akanyoosha mgongo. "Sasa wametulia."

"Hawajatulia. Sikiliza upande wa dumu."

Kaka alisikiliza. "Sisikii kitu."

"Ndiyo hivyo. Wanaofurahi hawanyamazi." Alipeleka mkono kule, akakuta dumu limepoa, vifaranga wamefumba macho wamejikunyata. Kaka alilichukua mwenyewe na kulikimbiza jikoni.

Aliporudi hakulishusha mara moja. "Beseni lilikuwa ndani? Ulipomkuta bibi?"

"Lilikuwa miguuni pangu."

"Ungeanza nao ungewapata tisini."

"Ningewapata na zaidi."

"Ulilijua hilo pale pale?"

Kipima alimtazama kama aliyeulizwa swali la lugha ya kigeni. "Bibi alikuwa kwenye kigoda, kaka."

Kaka alishusha dumu. Alichukua muda mrefu kuliweka sawa.

Saa saba na robo balbu ilikonyeza, ikazimika, ikawaka. Wote wawili waliinua macho. Mwanga wa njano ulijaa boksini na vifaranga wakaanza kuusogelea, wakiziacha chupa nyuma. Sasa nguo zilikuwa huru. Kipima alisubiri kidogo, halafu akainama, akaanza kufungua gauni la kwanza. Lilikuwa limelowa, na kinyesi cha kuku kimeligandia pindoni. Alilikunja hivyo hivyo, akalitia mfukoni. Akafuata taulo.

Kaka alitoa simu, akasogea mlangoni.

"Haloo. Ndiyo, mimi. Huyu binti hatakuja… Hapana, si mgonjwa… Najua niliwaahidi. Hana nguo." Alisikiliza. "Nimesema hana nguo, mama. Zimechafuka zote." Akakata.

Kipima alikuwa ameshika taulo, hakulikunja wala hakuliachia.

"Usinitolee macho," kaka alisema. "Sijasema umeshinda. Umeshindwa, na umekubali. Sasa ndipo utakaponifundisha hiyo nusu nyingine, na bibi, na mjomba pia. Mtu asiingie humu kama haijui."

Mkokoteni ulisikika uani kabla haujaonekana. Bibi alikuwa amekaa, anamwelekeza mjomba namna ya kukwepa dimbwi. Walimpa hewa zahanati, mjomba alisema, wakamtaka arudi kesho waone tena. Bibi alidai aingizwe stooni kwanza kabla ya kitanda. Alisimama mlangoni, ameshikilia fremu, akawatazama vifaranga muda mrefu.

"Niliwaua wangapi?"

"Tuliwapoteza tisa, bibi," Kipima alisema.

Bibi alitikisa kichwa. Kisha akaunyoosha mkono wake wenye mishipa hadi dirishani, akauweka ubavu kati ya ubao na fremu. Vidole vinne viliingia. "Hivi?"

"Hivyo."

"Fundi," bibi alimwambia mwanawe, mkono wake bado umo pale pale, "leta kipande cha mbao na msumari. Upigilie hapa nilipoweka mkono. Pasifungike tena, hata mimi mwenyewe nikija kupafunga."